Kistari Kimoja Kilichokula Hotuba ya Mzee

Wacha nianze kwa kukiri. Mwaka jana nilipoteza video ya matanga ya watu. Sikuibiwa, diski haikuanguka, stima haikupotea. Niliipoteza mimi mwenyewe nikiwa nimekaa kwa kitanda changu hapa Waithaka, kikombe cha chai mkononi, nikiangalia skripti yangu ikipiga kazi. Kilichoniangusha ni kistari. Hiki hapa: `-`.

Najua wengi wenu mnanifuata kwa sababu ya mambo ya kamera, simu na bei za vifaa pale Luthuli Avenue. Leo nivumilieni kidogo. Hii ni ya kila mtu anayeandika amri kwenye tarminali, hata kama ni mistari mitano tu uliyonakili mahali na hujui vizuri inafanya nini. Hasa wewe. Mimi nilikuwa wewe.

Ilivyokuwa

Kuna shosho tunakaa naye plot moja. Alipofiwa na mzee wake, watoto wake wawili walikuwa ng'ambo na hawangeweza kurudi. Familia ikaniomba nirushe matangazo mubashara kwa chaneli yangu ya YouTube ili nao wahudhurie. Nikakubali. Ibada ilikuwa asubuhi, halafu tukaelekea makaburi ya Lang'ata. Mtandao ulikatika mara mbili, kwa hivyo mwisho wa siku tulikuwa na video tatu: ibada, hotuba za familia, na mazishi yenyewe.

Ile ya pili ndiyo ilikuwa dhahabu. Ndugu mdogo wa marehemu, mzee wa zaidi ya miaka 80, alishika maikrofoni akaongea kama nusu saa. Hakusoma karatasi. Alieleza vile walivyokua hapa Waithaka wakati kulikuwa mashamba na mifugo, kabla ya hizi fleti. Alitaja majina ya watu ambao hata watoto wa marehemu hawakuwajua. Alieleza nani alioa wapi, nani alichukuliwa wakati wa Emagensi, nani alirudi na nani hakurudi. Mimi niliyekuwa nyuma ya kamera nilisahau hata mkono umechoka.

Baada ya mwezi hivi, shosho akaniita. "Kijana wangu, hiyo kitu iko huko kwa mtandao, watu wanaendelea kuiangalia. Itoe. Tuwekee kwa flashi, itutoshe sisi."

Ombi la haki kabisa. Nami nikaona nimalize kazi mbili kwa mpigo mmoja: nipakue video zote za chaneli yangu, kama 140, nizihifadhi kwa diski ya nje, halafu nifute zile tatu za familia mtandaoni. Nikatumia yt-dlp kupakua. Vichwa vya video zangu vimejaa emoji, nafasi na alama za mshangao, nikasema hapana, mafaili yapewe majina mafupi na safi. Kila video ya YouTube ina kitambulisho chake cha herufi 11. Nikatumia hicho kiwe jina. Eti niepuke shida.

Nilifungua zile tatu moja moja, zikacheza vizuri. Nikazifuta YouTube. Kisha nikaendesha hii:

```
cd ~/kazi
for f in *.mp4; do
    mv -v "$f" /media/diski/
done
cd ..
rm -r kazi
```

Kwa wale hamjui: inaingia kwa folda ya kazi, inachukua kila video, inaihamisha kwa diski ya nje, halafu inafuta folda ya kazi kwa sababu sasa iko tupu. Si ni tupu?

Maandishi yalipita kwa skrini kama matatu ya asubuhi isiyobeba mtu. Zaidi ya mistari 200. Katikati ya hiyo mistari kulikuwa na miwili ambayo sikuiona:

```
mv: invalid option -- 'K'
Try 'mv --help' for more information.
```

Video ya hotuba ilikuwa na kitambulisho kinachoanza na kistari, kisha K kubwa. Amri ya `mv` ilipoliona hilo jina ikadhani si jina. Ikadhani nimeiagiza jambo linaloitwa K, ikasema haijui K ni nini, ikakataa. Skripti haikusimama. Iliendelea na faili lililofuata, na mwisho ikafika kwa `rm -r kazi` na kufuta folda nzima, pamoja na faili lililobaki ndani.

Niligundua siku mbili baadaye nikijaza flashi ya shosho. Ibada iko. Mazishi yako. Hotuba haiko. Nilihisi tumbo limeshuka hadi kwa viatu.

Makanga na yule abiria wa simu

Nikueleze kwa nini ilitokea, kwa sababu ukielewa hii hutahitaji kukariri chochote.

Umeshawahi kuwa ndani ya matatu, mtu wa kiti cha nyuma anaongea na simu, anamwambia mwenzake, "Ukifika hapo kwa steji shukisha huyo mtoto"? Makanga anaskia neno "shukisha", anagonga bodi, dereva anafunga breki katikati ya barabara. Abiria wote wanageuka. Hakuna aliyetaka kushuka.

Makanga hana makosa sana. Yeye anaskia maneno tu. Hana njia ya kujua kama neno hilo ni la kwake au ni la watu wa simu.

Programu za tarminali ziko hivyo hivyo. Ukiandika `mv a.mp4 /media/diski/`, programu inapokea orodha ya maneno. Tangu Unix ya Bell Labs miaka ya 1970, desturi ni kwamba neno linaloanza na kistari ni swichi, yaani agizo la jinsi ya kufanya kazi: `-v` ongea unapofanya, `-r` ingia mpaka ndani ya folda, `-f` usiniulize. Neno lisilo na kistari ni jina la kitu. Lakini mfumo huohuo unaruhusu jina la faili liwe na alama yoyote ile isipokuwa mbili tu: slashi, na ile herufi tupu yenye thamani ya sufuri. Kwa hivyo kistari mwanzoni mwa jina ni halali kabisa. Sheria mbili, zote halali, na hazikukaa chini kuongea.

Mbaya zaidi ni kinyota. Ukiandika `*.mp4`, si programu inayotafuta mafaili. Ni sheli, ile inayosoma unachoandika, inayogeuza kinyota kuwa orodha ya majina kabla programu haijaitwa. Programu ikija inakuta majina na swichi zimepangwa kwa foleni moja. Na kwa Linux, amri nyingi za GNU zinakubali swichi hata ikiwa mwisho wa foleni. Kwa hivyo usijifariji ati faili lako la kistari halikuwa la kwanza.

Fikiria folda yenye faili linaloitwa `-rf`. Ukiandika `rm *` ukitaka kufuta mafaili tu na kubakisha folda ndogo, `rm` inapokea `-rf` kama amri. Inafuta kila kitu, na folda ndogo pia, bila kuuliza. Halafu cha kuchekesha: hilo faili lenyewe `-rf` linabaki. Lilikuwa limesimama upande wa wanaoagiza.

"Lakini nilikuwa nimeweka alama za nukuu!"

Hii ndiyo iliniuma. Angalia tena skripti yangu: `"$f"`. Nilikuwa nimefanya kile kila mtu mtandaoni anakuambia ufanye. Weka nukuu na utakuwa salama.

Nukuu zinasaidia kwa shida nyingine. Zinaambia sheli usilikate jina vipande hata kama lina nafasi katikati. "hotuba ya mzee.mp4" inabaki neno moja badala ya matatu. Ni muhimu sana, usiache kuziweka. Lakini sheli ikimaliza kuzisoma inazitoa. Programu haizioni kamwe. Ukiandika `mv "-K.mp4"` au `mv -K.mp4`, kinachofika kwa `mv` ni kitu kilekile. Kistari kimepita mlangoni na suti.

Na usidhani hii ni ajali ya mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Herufi za kitambulisho cha YouTube huchaguliwa kutoka alama 64: herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu 10, kistari, na kistari cha chini. Kwa hivyo kwa wastani video moja kati ya 64 itaanza na kistari. Mimi nilikuwa na 140. Ungetegemea mbili, na kweli zilikuwa mbili: ya mzee, na moja ya chaja ya simu ambayo hakuna mtu aliwahi kuimaliza, hata mimi. Ya chaja bado iko YouTube mpaka leo. Ndivyo dunia ilivyo.

Waliotengeneza yt-dlp wanaijua hii. Kwenye maelezo yao kuna swali kabisa la jinsi ya kupakua video ambayo kitambulisho chake kinaanza na kistari. Nilikuwa nimepita hapo nikitafuta kitu kingine.

Kwenda kwa shosho

Nilizima laptopu mara moja, kwa sababu kila kitu unachoandika juu ya diski baada ya kufuta kinaweza kufunika kilichofutwa. Bahati, laptopu yangu ni ya zamani, ina diski ya kuzunguka. Nikaiwasha kutoka kwa flashi na kutumia PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa mafaili. Inasoma diski kipande kwa kipande ikitafuta vitu vinavyofanana na picha na video. Majina hairudishi. Nilikaa usiku mzima nikifungua vipande visivyo na majina: kipande cha harusi, kipande cha mimi nikikosea intro mara saba. Karibu alfajiri nikampata mzee. Dakika 11. Halafu picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi.

Nilienda kumwambia shosho jioni hiyo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yeye alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Shosho, nimepoteza hotuba ya guka mdogo. Si yote. Lakini nyingi imeenda."

Akanyamaza. Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, "Imeendaje na ulikuwa umeshika?"

Nikajaribu kueleza. Nikamwambia faili lilikuwa na jina linaloanza na alama fulani, na mashini ikadhani jina ni amri.

Akaniangalia. "Kwani wewe hukuiambia hilo ni jina?"

Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu hilo ndilo jibu lenyewe. Nimesoma kurasa nyingi za maelezo tangu siku hiyo na hakuna iliyosema vizuri kuliko hivyo. Mashini haijui. Kazi ya kuiambia ilikuwa yangu, na sikuifanya.

Nilirudisha pesa yao. Nikaomba namba za jamaa wote waliokuwa pale, tukakusanya vipande vya simu kutoka kwa WhatsApp. Vingine sekunde 40, kimoja dakika sita na kidole kimefunika nusu ya picha. Nimeunganisha sauti ya dakika kama 20 hivi. Sehemu ya Emagensi haiko. Tungeenda kumrekodi mzee tena, lakini tulipopanga alikuwa ameugua, na sasa maneno hayamtoki vizuri. Hilo silo la kistari. Lakini najua ningekuwa na nakala.

"Si ubadilishe tu majina"

Nilipomwambia msee mmoja tunayefanya naye kazi, alicheka akasema, "Wewe nawe, usitumie majina yenye kistari." Maoni haya nimeyaskia mara nyingi na nataka niyajibu, kwa sababu ndipo mimi natofautiana na watu.

Kwanza, mimi sikulipa hilo faili jina. Mashini ya YouTube ndiyo ililipa. Mafaili mengi tunayoshika hatukuyapa majina sisi. Yanatoka kwa wateja, kwa WhatsApp, kwa kamera, kwa katibu wa kamati ya matanga anayeweka kistari mbele ya "- Eulogy ya mwisho kabisa" ndio ionekane juu ya orodha. Hana makosa. Faili ni lake na jina ni lake.

Pili, hii ni tabia ninayoijua na siipendi. Nilisoma na jamaa wa jina la Ng'ang'a. Kila mara akijaza fomu fulani mtandaoni, fomu inamwambia jina lako si sahihi. Jina la babu yake! Tatizo ni ile alama ya katikati. Kwa mashine za hifadhidata alama hiyo inaweza kumaanisha "maneno yameisha hapa, kinachofuata ni amri", na aliyeandika programu, badala ya kujifunza kutenganisha jina na amri, akaona rahisi kumwambia kijana wa watu abadilishe jina. Ng'ang'a, Wang'ombe, Ong'ondo, nusu ya Kenya wameshaipata hii. Ni ugonjwa uleule wa kistari changu: data imechukuliwa kuwa amri, na lawama akapewa mwenye data.

Kuna mtaalamu wa usalama wa programu, David A. Wheeler, ambaye ameandika kwa kirefu akitaka mifumo yenyewe ikatae majina ya aina hii. Kuhusu kistari cha mwanzo namuunga mkono. Sijui nani angelia. Lakini mpaka siku hiyo ifike, skripti inayovunjika kwa sababu ya jina ni skripti mbovu. Jina halina kesi.

Na kuna watu wanaoweka majina hayo kwa makusudi. Mwaka 2014 Leon Juranic alichapisha makala yaliyoonyesha jinsi mtu mwenye ruhusa ya kuweka mafaili tu kwa folda anavyoweza kuyapa majina yanayofanana na swichi, kisha angoje msimamizi aendeshe `tar` na kinyota. `tar` ina swichi ya kuendesha programu nyingine kila ikifika hatua fulani. Kwa hiyo mafaili mawili yenye majina mabaya yanatosha kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi. Kama unapokea mafaili ya wateja na kuyapitisha kwa skripti, hiyo inakuhusu.

Ninavyofanya sasa

Mambo matano. Hakuna ngumu.

*Moja: nukta na slashi mbele ya kinyota.* Badala ya `*.mp4` andika `./*.mp4`. Nukta ni "folda hii niliyomo". Sasa sheli ikitoa orodha, kila jina linaanza na `./`, kwa hivyo hakuna hata moja linaloweza kuanza na kistari. Ni faili lilelile, umelitaja tu kwa anwani yake. Hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu haitegemei programu kuwa na adabu.

*Mbili: vistari viwili.* Ukiandika `mv -v -- "$f" /media/diski/`, zile `--` zinasema: swichi zimeisha, kuanzia hapa ni majina. Ni kumwambia makanga, "Sasa naongea na simu, usiniskize." Kanuni hii imo kwenye kiwango cha POSIX, na amri za kawaida kama `rm`, `mv`, `cp` na `grep` zinaiheshimu. Lakini si kila programu iko hivyo. `echo` haiielewi, itakuandikia hizo `--` kwa skrini kama maneno mengine. Kwa hiyo kuandika jina la faili tumia `printf '%s\n' "$f"`. Na faili likiitwa kistari kitupu, `-`, hata `cat -- -` haitalifungua. Itakaa ikingoja uandike kwa kibodi, kwa sababu kwa `cat` kistari kitupu ni ishara ya kibodi. `cat ./-` inafungua. Unaona sasa kwa nini napenda namba moja.

*Tatu: skripti isimame ikikosea.* Weka `set -e` juu kabisa. Haikamati kila kitu, ina mapengo yake, lakini kwa kitanzi changu kile ingesimama palepale `mv` ilipokataa. Folda ingekuwepo.

*Nne: `rmdir` badala ya `rm -r`.* Hii ndiyo hunifanya nishike kichwa. Kama unaamini folda iko tupu, tumia amri inayofuta folda tupu pekee. `rmdir kazi` ingeniambia folda si tupu, ikakataa, nami ningeingia kuangalia kuna nini. Neno moja, na hotuba ingekuwa kwa flashi. Usimpe mtu panga kwa kazi ya kisu cha mboga.

*Tano: jaribu na majina mabaya kabla ya majina ya watu.* Tengeneza folda ya majaribio, weka `touch ./-rf ./-n "./- hotuba ya mzee.mp4"`, kisha endesha skripti yako humo. Isipovunjika, ni yako. Pia kuna ShellCheck, programu ya bure inayosoma skripti na kukuonyesha makosa. Ukiandika `rm *.mp4` inakuonya kwa namba SC2035 na kukushauri utumie `./` au `--`. Ni usomaji wa sekunde moja.

Ukikwama na faili la kistari lisilotaka kufutika, usihangaike: `rm ./-jina`. `rm` ya GNU hata hukuelekeza yenyewe ikiona umekosea na faili hilo lipo. Inakuambia ujaribu kwa `./`. `mv` haina huruma hiyo, kama nilivyoona.

Skripti yangu leo inaonekana hivi:

```
set -e
cd ~/kazi
for f in ./*.mp4; do
    mv -v -- "$f" /media/diski/
done
cd ..
rmdir kazi
```

Iweke kando ya ile ya juu. Tofauti ni mstari mmoja mpya, `./`, `--`, na `rmdir`. Unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na ubaki na kidole cha kunywea chai.

Kabla niende

Wiki iliyopita shosho alinipitia na simu yake. Alitaka nimwekee zile dakika 20 humo, aweze kuskia akiwa jikoni bila kutafuta mtu wa laptopu. Nikamwekea. Faili nikaliita kwa jina kamili la guka mdogo, majina yote matatu, na lina ile alama katikati kama ya Ng'ang'a.

Akaniuliza, "Hii jina haitasumbua mashini yako?"

Nikamwambia, "Ikisumbuka, shosho, kosa ni langu, si la jina."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu hiyo mambo. Kisha akaongeza sauti, akarudi kwa mboga zake.

Wewe nenda ufungue ile skripti yako ya zamani, ile uliyonakili mahali na hujawahi kuigusa. Tafuta kinyota. Tafuta `rm -r`. Fanya hivyo leo, kabla hujapewa kitu cha mtu ambacho hakina nakala.